Besi Chini ya Maneno: Nafasi ya Gita la Besi katika Nyimbo za Dansi

Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za dansi umejipatia nafasi katika idara za Kiswahili. Wanafunzi na wahadhiri wamechambua maudhui ya mapenzi, ndoa, umaskini na siasa katika nyimbo za bendi kama vile Simba Wanyika, Les Wanyika, Maroon Commandos na Mlimani Park. Aghalabu mhakiki husikiliza kanda, huyanakili maneno, huyapanga katika beti, kisha huyachambua kana kwamba ni shairi lililotungwa ili lisomwe kitabuni. Utaratibu huu una manufaa yake. Hata hivyo, unaiacha nje sauti ambayo mtunzi na mwimbaji waliitegemea walipokuwa wakiyapanga maneno hayo, nayo ni sauti ya gita la besi.

Makala haya yanaeleza gita la besi ni chombo gani, lina kazi gani katika bendi, na mpigaji wake ana uhusiano gani na wenzake. Hoja kuu ni kwamba besi katika wimbo wa dansi hutekeleza kazi inayokaribiana sana na ile ya arudhi katika shairi. Kwa hivyo, anayeuhakiki wimbo bila kuisikiliza besi anahakiki nusu ya utungo.

Chombo chenyewe

Gita la besi la kawaida lina nyuzi nne za chuma zinazoitwa E, A, D na G, kuanzia ule mnene hadi ule mwembamba. Sauti zake ziko oktava moja chini ya zile za nyuzi nne nene za gita la kawaida. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Ili uzi utoe sauti ya chini kiasi hicho bila kulegea, sharti uwe mnene na mrefu. Ndiyo sababu sehemu ya uzi inayotetema katika besi nyingi ina urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi, ilhali katika magita mengi ya umeme ni inchi 25 hivi. Mpigaji wa besi basi huhitaji vidole vyenye nguvu na mkono uliozoea kunyooka.

Chombo hiki si cha kale. Kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuuza besi yake iliyoitwa Precision Bass mnamo mwaka 1951. Kabla ya hapo sauti ya chini ilitolewa na besi kubwa ya mbao inayosimamishwa wima. Bendi za mwanzo za rumba nchini Kongo ziliitumia besi hiyo, na katika taarabu asilia ya Unguja besi ya kusimama ingali na nafasi yake. Besi ya umeme ilipendwa kwa sababu ilibebeka kwa urahisi, na zaidi kwa sababu iliweza kusikika pamoja na magita mengine ya umeme na drams.

Hata hivyo, besi ya umeme bila amplifaya na spika zinazofaa ni sawa na bubu. Sauti za chini huhitaji nguvu nyingi zaidi kuliko sauti za juu ili zisikike kwa kiwango kilekile. Bendi changa zenye vyombo vichache mara nyingi huichomeka besi katika amplifaya ndogo iliyokusudiwa gita la solo. Matokeo yake ni sauti inayokwaruza na, baada ya muda, spika iliyopasuka. Aidha, wimbi la sauti ya uzi wa E lina urefu wa mita 8 hivi. Katika ukumbi mdogo mawimbi kama hayo hurundikana kwenye kuta na pembe. Mpigaji aliye jukwaani huenda akadhani sauti yake ni hafifu, kumbe msikilizaji aliye mlangoni anasikia mngurumo uliomeza maneno yote. Bendi yenye busara humtuma mtu mmoja asimame nyuma ya ukumbi na kusikiliza kabla ya onyesho kuanza.

Nyuzi nazo zina gharama yake. Nyuzi za besi ni ghali kuliko za gita la kawaida, nazo hufifia sauti kadiri jasho na uchafu vinavyojikusanya katika mizunguko ya waya. Wapo wapigaji wanaozifungua, wakazichemsha katika maji, wakazikausha na kuzirudisha. Sauti huchangamka tena kwa muda, na siku ya kununua nyuzi mpya husogezwa mbele.

Kazi ya besi katika bendi

Mpigaji wa besi hujibu maswali mawili kwa wakati mmoja. Swali la kwanza ni la wakati: pigo liko wapi? Hapa anashirikiana na mpiga drams, hususan na ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Swali la pili ni la sauti: wimbo umesimama juu ya noti gani? Magita ya solo na rithimu yanaweza kupiga noti nyingi, lakini besi ndiyo inayomwonyesha msikilizaji noti ya msingi ambayo nyingine zimejengwa juu yake. Besi ikikosea, hata mwimbaji hodari huonekana amekosea.

Mgawanyo huu wa kazi si mgeni katika sanaa za Kiafrika. Mpiga nyatiti wa Kiluo hucharaza nyuzi nane kwa vidole, huku pete iliyo katika kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa chombo na njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja huimba, hutoa sauti za juu na za chini, na kushika mapigo. Wanamuziki wa benga walipoihamishia sanaa hiyo katika magita ya umeme, kazi iliyokuwa ya mtu mmoja iligawanywa miongoni mwa watu kadhaa. Labda ndiyo maana besi ya benga haitulii. Hurukaruka katikati ya mapigo, humjibu mpiga solo na humsukuma mwimbaji. Kinyume chake, besi ya nyimbo za Kiswahili zilizofuata mkondo wa rumba hutembea kwa utulivu, ikiacha mapengo ambayo gita la rithimu huyajaza.

Besi na arudhi ya wimbo

Mwanafunzi wa ushairi anajua kuwa mshororo wa tarbia aghalabu huwa na mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Msomaji hahesabu mizani kila anaposoma, lakini mizani ikipungua hugutuka. Msikilizaji wa dansi naye haifuati besi kwa makusudi, ila ikinyamaza ghafla wachezaji wote hulitambua jambo hilo miguuni.

Ulinganifu huu unasaidia kueleza mambo mawili ambayo huwatatiza wahakiki. La kwanza ni urefu usio sawa wa mishororo. Nyimbo nyingi za dansi zikinakiliwa huonekana kana kwamba zimevunja kanuni: mshororo mmoja una mizani 18, unaofuata una 11. Ukweli ni kwamba mwimbaji anayapima maneno yake kwa mzunguko wa besi. Mshororo mfupi hufuatwa na kimya kinachojazwa na magita, na mshororo mrefu hubanwa ili uishe kabla ya mzunguko mpya kuanza. Mizani ipo, ila sehemu yake imebebwa na nyuzi. Vilevile, kimya hicho kina maana. Mhusika anapolalamika kisha akanyamaza huku besi ikiendelea, msikilizaji hupewa nafasi ya kumhurumia au kumtilia shaka.

La pili ni takriri. Baadhi ya wasomaji huilaumu dansi kwa kurudiarudia maneno yaleyale, hasa katika sehemu ya mwisho ya wimbo. Katika karatasi lawama hiyo ina mashiko. Katika ukumbi mambo ni tofauti, kwani kiitikio kinaporudiwa besi mara nyingi hubadilisha mwendo wake, ikaongeza noti au kuzisogeza karibu zaidi, na drams huifuata. Neno lililokuwa ombi katika nusu ya kwanza huweza kusikika kama shangwe au kejeli katika nusu ya pili, ingawa halikubadilika hata silabi moja.

Besi na mahusiano ya wanabendi

Kazi hii ya kushikilia wengine humpa mpiga besi nafasi ya pekee katika mahusiano ya bendi. Katika kumbi za Afrika Mashariki mashabiki huwatuza wasanii kwa kuwabandika noti kwenye paji la uso. Wanaofikiwa kwa urahisi ni waimbaji na mpiga solo, walio mbele. Waliosema mcheza kwao hutunzwa hawakueleza mpigaji anayesimama kando ya drams atatunzwa na nani. Bendi isiyokuwa na utaratibu wa kugawana tuzo hupanda mbegu ya fitina. Hali kadhalika, mpiga solo akiongeza sauti, mpiga rithimu huongeza yake, na mwishowe mpiga besi hana budi kuongeza pia. Ukumbi hujaa kelele, na mwimbaji hukauka koo. Vita vya sauti jukwaani mara nyingi ni vita vya heshima vilivyoanza kwenye mazoezi.

Jambo jingine ni umiliki wa vyombo. Katika bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi au ya shirika. Nchini Tanzania, kwa mfano, NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Mwanamuziki asiyekuwa na gita lake aliweza kupata mshahara wa kutegemewa, lakini alipohama alitoka na vidole vyake tu.

Mfano ulio bora zaidi wa uzito wa wapigaji wa nyuma unatoka Nairobi. Simba Wanyika, bendi iliyoongozwa na ndugu Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga waliotoka Tanga, ilikuwa imejijengea jina tangu mwaka 1971. Mwaka 1978 bendi hiyo iligawanyika. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo mpiga rithimu Omar Shabani, mpiga besi Tom Malanga na mpiga drams Rashid Juma. Hao ndio walioshiriki kuunda Les Wanyika, wakiwa pamoja na wasanii kama John Ngereza na Issa Juma. Wimbo wao "Sina Makosa" ulivuma kote Afrika Mashariki, na ungali unapigwa hadi leo.

Watatu hao hawakuwa sura za bendi, lakini walikuwa msingi wake. Magita mengine yanaweza kununuliwa dukani. Mazoea ya besi, rithimu na drams kusikilizana kwa miaka mingi hayauzwi popote. Walipoondoka pamoja, waliyachukua mazoea hayo na kuyajengea nyumba nyingine. Simba Wanyika haikufa, kwani iliendelea kurekodi katika miaka ya 1980. Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha kwa nini msikilizaji wa nyimbo za bendi hizi mbili husikia undugu katika mwendo wake hata pale ambapo waimbaji ni tofauti.

Suala la jina

Licha ya uzito huo, jina la mpiga besi ni nadra kutajwa. Hali hii haipo Afrika Mashariki pekee. Huko Detroit, Marekani, James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi zilizovuma za kampuni ya Motown katika miaka ya 1960 bila jina lake kuandikwa kwenye majalada. Wanamuziki wa studio ya kampuni hiyo walianza kutajwa katika albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatambua haki za watendaji wa sanaa mbali na zile za watunzi. Lakini haki humfikia mtu anayejulikana. Tasnifu inayomtaja mwimbaji pekee kama "msanii" inaendeleza usahaulifu uleule ulioanzia kwenye lebo ya sahani. Wapigaji wengi wa miaka ya 1970 wameshafariki, na kila anayeondoka bila kuhojiwa anaondoka na maelezo ya jinsi wimbo ulivyoundwa.

Mapendekezo kwa mtafiti

Kwanza, mtafiti anapoyanakili maneno ya wimbo aache safu ya pili katika ukurasa, aonyeshe mahali besi inapoingia, inaponyamaza na inapobadilisha mwendo. Hahitaji kujua noti za muziki. Sikio na kalamu vinatosha. Pili, ahesabu mizani pamoja na vimya kabla ya kuamua kuwa wimbo hauna arudhi. Tatu, ausikilize wimbo kwa spika zinazotoa sauti za chini, kwani spika ndogo za redio au simu huinyima besi nafasi yake. Nne, awahoji wapigaji wote walio hai na kuyaandika majina yao pamoja na vyombo walivyopiga.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa gita la besi ni nguzo ya wakati na ya sauti katika bendi, na kwamba maneno ya nyimbo za dansi yametungwa yakiegemea nguzo hiyo. Yameonyesha pia kwamba historia ya bendi, kama ile ya Wanyika, haieleweki iwapo wanaotajwa ni waimbaji peke yao. Fasihi simulizi hufunzwa kama sanaa ya utendaji. Uhakiki wa dansi nao unapaswa kuwasikiliza watendaji wote, akiwemo yule anayesimama nyuma, karibu na drams, ambaye wenzake wote humtegemea ili wajue pigo liko wapi.