Utani wa Simba na Yanga

Utani wa Simba na Yanga ni desturi ya kejeli, tambo, mizaha na majina ya kubezana kati ya mashabiki wa klabu mbili kubwa za mpira wa miguu nchini Tanzania, Simba Sports Club na Young Africans Sports Club (Yanga). Zote mbili zina makao yake Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Kutokana na desturi hiyo klabu hizo huitwa "watani wa jadi", na pambano lao hujulikana kama dabi ya Kariakoo. Utani huu hulenga klabu pinzani kwa jumla, lakini pia huwaandama wachezaji wachache ambao upande mmoja hauwapendi kwa sababu wamewahi kuufunga, kuudharau au kuuhama.

Asili

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, baadhi ya wanachama wake walijitenga na kuunda timu nyingine, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Sunderland hadi ilipoitwa Simba mwaka 1971. Kwa hiyo ugomvi huu ulianza ndani ya nyumba moja, na hata leo una sura ya ugomvi wa ndugu. Ofisi ya Simba iko Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga iko kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na mtu anaweza kutoka moja hadi nyingine kwa miguu bila kutokwa jasho.

Neno "utani" halikuchaguliwa ovyo. Katika jamii za Tanzania utani ni uhusiano unaotambuliwa na pande zote mbili, ambao humpa mtu ruhusa ya kumtania mwenzake, kumsema na hata kumchukulia kitu chake bila kuleta ugomvi. Kuna utani wa babu na mjukuu, na kuna utani wa makabila. Wanyamwezi na Wasukuma wana utani na Wazaramo wa pwani, na wengi huuhusisha na safari za misafara ya karne ya 19. Wangoni wana utani na Wahehe, ambao waliwahi kupigana nao vita. Ruhusa hiyo huambatana na wajibu. Mtani hufika msibani, hufanya kazi, na hapohapo hufanya vituko mpaka apewe chochote.

Utani wa mpira umeiga ruhusa hiyo, ila haukuiga kila kitu. Katika utani wa makabila msiba ndio uwanja wenyewe wa mzaha, lakini katika utani wa Simba na Yanga kifo husimamisha mzaha. Tarehe 6 Mei 2012 kiungo Patrick Mafisango alikuwa mmoja wa wafungaji Simba ilipoishinda Yanga kwa mabao 5-0. Siku 11 baadaye alifariki dunia katika ajali ya gari jijini Dar es Salaam. Mashabiki wa Simba wanaendelea kuyatamba mabao yale matano, lakini jina la Mafisango hutajwa kwa heshima na pande zote.

Ushabiki huu haukubaki Kariakoo. Kwa miongo mingi matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yaliupeleka mchezo hadi vijijini, na baadaye zikaja runinga na vibanda umiza. Katika kata ya Ulemo, wilayani Iramba mkoani Singida, kama ilivyo katika kata nyingine nyingi za bara, mtu ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam huulizwa kama ni Simba au Yanga, na jibu la "sina timu" huchukuliwa kuwa ni njia ya kukwepa swali. Mke na mume, au mwalimu na mwanafunzi, wanaweza kuwa pande tofauti, na kwa siku mbili baada ya mchezo mdogo ana ruhusa ya kumcheka mkubwa. Ruhusa ya namna hiyo hupatikana kwa nadra katika jamii inayothamini sana heshima ya umri.

Majina

Kila upande una majina ya kujisifu na majina ya kubandikwa. Simba hujiita Mnyama au Wekundu wa Msimbazi, na Yanga hujiita Wananchi au Wanajangwani. Majina ya kubandikwa hubadilika kila kizazi, na mengi yana hadithi nyuma yake.

Yanga huitwa "vyura" kwa sababu bonde la Jangwani, palipo na Uwanja wao wa Kaunda, hufurika maji kila mvua kubwa inaponyesha. Huitwa pia "kandambili", jina lililotokana na migogoro ya ndani ya klabu, ambapo kundi la wenye uwezo liliitwa Raizon, kwa jina la viatu vya fasheni vya wakati huo, na kundi la wanyonge likaitwa Kandambili. Lililokuwa jina la kubezana wao kwa wao likaokotwa na jirani. Katika miaka ya karibuni jina linalotumika zaidi ni "Utopolo", ambalo hufupishwa kuwa "Uto".

Simba huitwa "Mikia", "Makolo" na "Mbumbumbu". Neno hili la mwisho lilipata nguvu baada ya kutumiwa na mwenyekiti wao wenyewe, Ismail Aden Rage, alipokuwa akiwasema wanachama wa klabu yake. Watani hawakuhitaji kutunga jingine. "Mwakarobo" ni jina la karibuni na pengine ndilo lililotungwa kwa ustadi kuliko yote. Limeunganisha "mwaka" na "robo", likiisuta Simba kwa kufika robo fainali ya mashindano ya Afrika mara kwa mara na kuishia hapo. Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025, ambapo ilifungwa na RS Berkane ya Morocco, jina hilo lilipungua makali, ingawa halikufa.

Ubunifu huu haukutoka hewani. Watu wa pwani wana desturi ndefu ya mafumbo na mipasho, katika taarabu na katika maandishi ya kanga, ambapo mtu humsema mwenzake bila kumtaja. Shabiki wa mpira amechukua mbinu hiyohiyo, isipokuwa yeye humtaja.

Mabao kama silaha

Silaha kuu ya utani ni idadi ya mabao. Yanga iliifunga Simba, wakati huo Sunderland, mabao 5-0 tarehe 1 Juni 1968. Simba ilijibu tarehe 19 Julai 1977 kwa ushindi wa 6-0, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu peke yake. Ikafuata 5-0 ya Simba mwaka 2012, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5-1. Siku mbili baada ya kipigo hicho, Simba iliachana na kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira.

Mabao matano huitwa "mkono" kwa sababu ya vidole vitano. Baada ya mchezo wa 2023 shabiki wa Yanga hakuhitaji kusema neno, kwani kumpungia mkono jirani kulitosha. Jibu la Simba lilikuwa kukumbusha sita za 1977, jambo linaloonyesha kwamba utani huu pia ni somo la historia. Kijana aliyezaliwa miaka 30 baada ya mchezo ule anawajua wafungaji wake kuliko anavyowajua mawaziri wa wakati huo.

Wachezaji wasiopendwa

Mchezaji dhaifu hachukiwi na wapinzani, bali huombewa aendelee kupangwa. Anayechukiwa ni yule anayeweza kuumiza, na hasa yule aliyewahi kuvaa jezi ya upande wa pili.

Amissi Tambwe, mshambuliaji kutoka Burundi, alikuwa mfungaji bora wa ligi akiwa Simba msimu wa 2013/14. Simba ikamwacha Desemba 2014, Yanga ikamchukua, na akawa mfungaji bora tena msimu wa 2015/16 kwa mabao 21. Mashabiki wa Simba walimzomea mtu ambaye klabu yao ndiyo iliyomfungulia mlango. Katika hali kama hiyo zomeazomea huwa na majuto ndani yake.

Emmanuel Okwi wa Uganda alifunga mabao mawili katika 5-0 ya mwaka 2012, jambo lililomfanya asipendwe kabisa Jangwani. Desemba 2013 akasajiliwa na Yanga, na waliokuwa wakimzomea wakampokea kwa shangwe. Mwaka 2014 akarudi Simba, na tarehe 8 Machi 2015 akaifunga Yanga bao pekee la mchezo.

Kisa kilichoumiza zaidi pengine ni cha Bernard Morrison, winga kutoka Ghana. Alijiunga na Yanga Januari 2020, na tarehe 8 Machi mwaka huo akafunga kwa mpira wa adhabu bao lililoizamisha Simba 1-0. Kwa majuma kadhaa hakukuwa na jina lililopendwa zaidi Jangwani. Tarehe 12 Julai 2020, katika nusu fainali ya kombe la shirikisho la nchini ambayo Yanga ilifungwa 4-1 na Simba, Morrison alitolewa na kuondoka uwanjani kabla mchezo haujaisha. Mwezi uliofuata akatangazwa kuwa mchezaji wa Simba. Yanga ilidai bado ina mkataba naye na ikalifikisha shauri hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ambako ilishindwa. Kwa misimu miwili Morrison alikuwa "msaliti" upande mmoja na kichekesho cha furaha upande wa pili. Mwaka 2022 akarudi Yanga, na aliyekuwa msaliti akavaa tena jezi ya kijani na njano.

Clatous Chama wa Zambia alifuata njia ya aina hiyo. Alikuwa kipenzi cha Simba tangu 2018, na jina la "Mwamba wa Lusaka" lilitamkwa Msimbazi kama la mtu wa ukoo. Julai 2024 alihamia Yanga, na mwaka 2025 akajiunga na Singida Black Stars, hivyo mashabiki wa mkoa wa Singida wakapata kumshangilia mtu ambaye kila mmoja wao, kwa zamu yake, alikuwa amemtania.

Visa hivi vinaonyesha kwamba chuki ya shabiki hukaa kwenye jezi zaidi kuliko kwenye mtu. Akivua jezi, chuki huvuka naye kwenda upande aliouacha. Hata hivyo mchezaji mwenyewe hana mtani wa kumjibu. Shabiki wa Simba anayezomea anajua kuwa kesho atazomewa na yeye, lakini mchezaji mgeni huzomewa na maelfu ya watu kwa lugha asiyoijua vizuri, na hapo mzaha hauna budi kupimwa kwa kipimo kingine.

Wasemaji wa klabu

Tangu miaka ya 2010 utani umekuwa pia kazi ya ajira. Haji Manara alikuwa msemaji wa Simba tangu 2015, akijulikana kwa tambo zake dhidi ya Yanga, kisha Agosti 2021 akahamia Yanga na kuanza kutamba upande wa pili. Uhamisho huo ulikuwa na kichekesho cha ziada, maana baba yake, Sunday Manara, ndiye aliyefunga bao la ushindi Yanga ilipoilaza Simba 2-1 mjini Mwanza mwaka 1974. Julai 2022 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilimfungia Haji Manara miaka miwili baada ya majibizano na rais wa shirikisho hilo. Jerry Muro, aliyekuwa msemaji wa Yanga, naye alifungiwa mwaka mmoja mwaka 2016. Adhabu zote mbili zilitolewa na shirikisho, si na klabu pinzani. Kumtania jirani kunaruhusiwa, lakini msimamizi wa ligi hajaingia katika utani huo na hana wajibu wa kucheka.

Mipaka

Utani huvunjika pale upande mmoja unapoona umedhulumiwa. Tarehe 1 Oktoba 2016 Tambwe aliifungia Yanga bao ambalo wachezaji wa Simba walidai aliuguza mpira kwa mkono. Baadhi ya mashabiki waling'oa na kuvunja viti vya Uwanja wa Taifa, na serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia uwanja huo. Mchezo wenyewe uliisha 1-1, Shiza Kichuya akisawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja golini.

Machi 2025 Simba ilidai kuzuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia dabi, ikatangaza kutocheza, na mchezo wa tarehe 8 ukaahirishwa. Ulichezwa tarehe 25 Juni na Yanga ikashinda 2-0. Katika miezi hiyo mitatu lugha ya mitandaoni iligeuka kuwa ya tuhuma na kanuni, na kicheko kikapungua.

Jambo jingine linalobishaniwa ni kushangilia wageni. Simba au Yanga inapocheza na timu ya nje, baadhi ya watani huvaa jezi za wageni na kuwapa moyo. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na la Yanga katika mashindano ya Afrika, ahadi iliyozitazama klabu zote mbili kama timu za taifa. Mwaka huohuo Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kulikosa kwa kanuni ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger ya Algeria. Watanzania wengi walihuzunika, ila si wote.

Kwingineko

Nchini Kenya pambano la Gor Mahia na AFC Leopards huitwa dabi ya Mashemeji, kwa sababu jamii za Waluo na Waluhya zinazoziunga mkono zimeoana sana. Huko pia uhasama umepewa jina la undugu. Katika jiji la Chicago, Marekani, mchezo unaogawa mji ni besiboli, kati ya Cubs wa kaskazini na White Sox wa kusini. Mwaka 2006 A. J. Pierzynski wa White Sox, mchezaji aliyesifika kwa kuwaudhi wapinzani, alimgonga Michael Barrett wa Cubs alipokuwa akikimbilia kituo cha mwisho. Barrett alimpiga ngumi, akafungiwa michezo 10.