Vitenzi vya Maneno Mawili katika Kiingereza: Namna ya Kuvielewa na Kuvikumbuka

Soma sentensi hii: “The miner passed out in the pit.”

Mtahiniwa mmoja anaitafsiri hivi: “Mchimbaji alipita nje ya shimo.” Neno “pass” analijua tangu shule ya msingi, na neno “out” pia analijua. Hata hivyo amekosea, tena kosa lake ni kubwa. “Pass out” maana yake ni kuzimia. Mchimbaji huyo bado yumo ndani ya duara, amepoteza fahamu, na anahitaji kuokolewa. Mtahiniwa amemtoa nje salama kwa sababu ya neno dogo moja.

Sura hii inahusu maneno madogo ya aina hiyo. Utayakuta katika kifungu cha ufahamu, katika maswali ya msamiati na katika barua utakayoandika. Ukiyaelewa sasa, mwezi Novemba hayatakushtua.

1. Ni vitenzi vya namna gani?

Kwenye vitabu vya Kiingereza huitwa “phrasal verbs”. Hapa tutaviita vitenzi vya maneno mawili. Kitenzi cha kawaida kama “give”, “put”, “look”, “take” au “run” huungana na kijineno kama “up”, “out”, “off”, “on”, “down” au “after”. Yakiungana huzaa maana moja mpya, na mara nyingi maana hiyo haipatikani kwa kutafsiri kila neno peke yake.

Tazama jinsi kijineno kinavyogeuza maana ya “put”:

“Put on your helmet.” – Vaa kofia ngumu.
“Put out the fire.” – Zima moto.
“They put off the meeting.” – Waliahirisha kikao.
“We put up with the dust.” – Tunalivumilia vumbi.

Kitenzi ni kilekile, lakini maana ni nne. Kwa hiyo usijifunze “put” peke yake. Jifunze kitenzi pamoja na kijineno chake, kama neno moja.

2. Kiswahili nacho kina tabia hii

Usidhani kwamba Kiingereza peke yake kina vituko. Fikiria neno “piga”. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, na hakuna anayeumia. Fikiria pia “kata”: kukata tiketi, kukata rufaa na kukata tamaa. Mgeni akitafuta maana ya “kata” kwenye kamusi, kisha maana ya “tamaa”, hataambulia kitu. Wewe hukuyajifunza kwa kutafsiri neno moja moja. Uliyasikia mazima, mahali yanapotumika, mpaka yakakaa. “Give up” ni kukata tamaa. Vijifunze vitenzi hivi kwa njia ileile.

3. Kijineno huleta wazo gani?

Vijineno havina kanuni isiyovunjwa, lakini vingi vina wazo linalojirudia. Wazo hilo litakusaidia kukisia.

OUT mara nyingi huleta wazo la kuisha, kuzimika au kujitokeza wazi.
“Run out of” – kuishiwa: “We ran out of water.”
“Put out” – kuzima moto au taa.
“Find out” – kugundua, kupata kujua.
“Carry out” – kutekeleza: “They carried out the work.”

UP mara nyingi huleta wazo la kukamilisha, kukuza au kuanzisha.
“Use up” – kutumia hadi kumaliza.
“Bring up” – kulea: “My grandmother brought me up in Kahama.”
“Set up” – kuanzisha: “The Government and Barrick set up Twiga Minerals.”
“Make up” – kuunda kitu kizima kwa sehemu zake. Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012 unaweza kuuelezea hivi: “Geita Region is made up of areas that came from Mwanza, Shinyanga and Kagera.”

OFF mara nyingi huleta wazo la kutengana, kuondoka au kusitisha.
“Switch off” – kuzima mashine au taa ya umeme.
“Set off” – kuanza safari: “We set off from Shinyanga at six.”
“Call off” – kufuta jambo lililopangwa.
“Lay off” – kuwapunguza wafanyakazi kazini.

DOWN mara nyingi huleta wazo la kupungua, kusimama au kuharibika.
“Break down” – kuharibika kwa gari au mashine: “The crusher broke down.” Karasha liliharibika.
“Close down” – kufungwa kabisa kwa kiwanda au mgodi.
“Slow down” – kupunguza mwendo.

ON mara nyingi huleta wazo la kuendelea au kuvaa.
“Go on” na “carry on” – kuendelea.
“Put on” – kuvaa. Kinyume chake ni “take off”, kuvua.

OVER katika “take over” huleta wazo la kushika mamlaka au umiliki: “Barrick took over Acacia in 2019.”

Kumbuka kwamba kitenzi kimoja kinaweza kuwa na maana zaidi ya moja. “The plane took off” ni ndege ilipaa, na “He took off his boots” ni alivua buti zake. “Turn down the radio” ni punguza sauti ya redio, na “She turned down the job” ni aliikataa kazi. Sentensi nzima ndiyo itakayoamua.

4. Mahali pa kuweka yambwa

Yambwa ni mtu au kitu kinachotendewa. Hapa watahiniwa wengi hupoteza alama walizokwisha kuzishika mkononi.

(a) Baadhi ya vitenzi hukubali kutenganishwa. Unaweza kusema “Put on your helmet” au “Put your helmet on.” Lakini yambwa ikiwa ni kiwakilishi kama “it”, “him” au “them”, lazima ikae katikati. Sema “Put it on.” Usiseme “Put on it.”

(b) Vingine havitenganishwi kamwe. “Look after” ni kutunza. Sema “She looks after him.” Usiseme “She looks him after.”

(c) Vingine havihitaji yambwa: “The lorry broke down.” “The work went on.”

(d) Vingine vina maneno matatu, navyo havitenganishwi: “run out of”, “put up with”, “look forward to”. Hiki cha mwisho kinafaa sana kumalizia barua: “I look forward to hearing from you.” Angalia: ni “hearing”, si “hear”. Kosa hili hujirudia sana.

Kumbuka pia kwamba wakati hubadilisha kitenzi tu, na kijineno hubaki kama kilivyo: “give up”, “gave up”, “has given up”.

5. Tusome kifungu

Kifungu hiki kinahusu tukio la kweli lililotokea wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Kisome chote mara moja bila kamusi. Kisha kisome tena ukipigia mstari vitenzi vya maneno mawili.

“On 5 October 2015 the ground caved in at Nyangarata in Kahama District. Six men were cut off deep below. Their food soon ran out, so they lived on roots, frogs and insects, and drank the dirty water that came through the rock. One of them died. The others did not give up. They held out for forty-one days. On 15 November people broke through to them, and five men were brought up alive.”

Sasa linganisha na maelezo haya:

“Caved in” – uliporomoka. Huu ni msamiati wa migodi na mashimo.
“Were cut off” – njia ilizibwa, wakatengwa na wenzao.
“Ran out” – kiliisha. Angalia tofauti: “The food ran out”, lakini “They ran out of food.” Chakula huisha, mtu huishiwa.
“Lived on” – waliishi kwa kula. Ukitafsiri “waliishi juu ya mizizi na vyura”, umepotea.
“Did not give up” – hawakukata tamaa.
“Held out” – walistahimili bila kushindwa.
“Broke through” – walipenya hadi kuwafikia.
“Were brought up” – hapa ni mtego. Tumesema “bring up” ni kulea. Lakini watu hawa walikuwa chini ya ardhi, na hapa maneno yana maana yake ya wazi: walipandishwa juu. Mtahiniwa aliyekariri orodha tu ataandika “watu watano walilelewa wakiwa hai”. Aliyesoma kifungu chote hatakosea.

6. Ukikutana na usichokijua

Kwanza, usitafsiri neno moja moja. Pili, soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, ujiulize ni nini kingeweza kutokea hapo. Tatu, kumbuka wazo la kijineno. Nne, weka neno la Kiswahili ulilokisia, usome tena uone kama habari inakubali. Ikikataa, kisia upya.

Katika kujisomea, andika vitano kwa siku, si hamsini. Kila kimoja kitungie sentensi yako kuhusu jambo unalolijua: mgodi, mnada wa ng’ombe, shamba la pamba, daladala au bweni. Baada ya siku tatu funika maana, ujipime. Vilivyokushinda virudishe kwenye orodha ya kesho.

7. Zoezi

Jaza nafasi kwa kitenzi sahihi, ukikiweka katika wakati unaofaa: “break down”, “put out”, “look after”, “give up”, “run out of”, “put off”. Katika swali la 7, badilisha umbo la kitenzi kilichotajwa.

1. The bus to Geita ______ on the way, so we walked.
2. The match was ______ until Saturday because of rain.
3. We ______ chalk last week, so the teacher could not write on the board.
4. They used sand to ______ the fire.
5. Who ______ the cattle when you are at school?
6. He failed twice, but he did not ______.
7. I look forward to ______ from you. (Tumia “hear”.)

Majibu: 1. broke down 2. put off 3. ran out of 4. put out 5. looks after 6. give up 7. hearing

Ukipata sita au zaidi, endelea na sura inayofuata. Ukipata chini ya hapo, rudia sehemu ya 3 na ya 4, kisha ufanye zoezi hili tena kesho bila kutazama majibu.