Tui la Boksi Si Tui la Nyumbani

Mwanangu alipotimiza mwaka mmoja nilisimama mbele ya rafu ya supamaketi, hapa Uingereza, karibu nusu saa. Soya, oti, lozi, mchele, nazi, njegere. Maboksi yote yanavutia na yote yamepangwa pembeni ya maziwa. Mtoto ana mzio wa maziwa ya ng'ombe, au aleji kama wengi tunavyosema. Tuliujua akiwa na miezi saba: vijiko viwili tu vya uji wenye maziwa, midomo ikavimba na vipele vikamtoka mpaka mgongoni. Tangu hapo alikuwa akinywa maziwa maalumu ya kopo anayoandikiwa na daktari. Sasa kafika mwaka, nikajiambia tunaweza kuyaacha. Nikachukua boksi la nazi.

Mimi ni nesi. Nilisoma diploma nyumbani, nikaongeza digrii huku. Lakini siku ile aliyechagua hakuwa nesi, alikuwa mtoto wa Tanga. Nazi naijua tangu nikiwa nakaa juu ya mbuzi kuikuna. Sikugeuza hata boksi kusoma nyuma.

Miezi minne baadaye tukaenda kupima uzito. Kwenye kile kitabu chekundu wanachopewa wazazi huku, nukta za mwanangu zilikuwa zimeacha mstari wake na kushuka mistari miwili chini. Mtaalamu wa lishe hakunigombeza. Aliniuliza mtoto anakunywa nini, nikamjibu kwa kujiamini kabisa. Akaniomba nitoe boksi nisome kwa sauti. Kitu cha kwanza kilichoandikwa ni maji. Nazi yenyewe ni asilimia chache. Protini, gramu 0.1 katika mililita 100, wakati maziwa ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3. Mwanangu alikuwa akijaza tumbo kwa maji meupe, halafu chakula anakisukuma. Nami nilikuwa nikisema anachagua chakula.

Jioni nikampigia mama. Baada ya shikamoo akaniuliza, "Kwani tui lina nini, mwanangu? Nyote mmekulia tui." Kweli tumekulia tui, lakini lilikuwa ndani ya mchuzi wa samaki, ndani ya maharage na kisamvu. Hakuna aliyetupa kikombe cha tui badala ya maziwa. Tui zito lina mafuta ya kumpa mtoto nguvu, na mpaka leo nampikia nalo, lakini kalsiamu yake ni ndogo. Na la boksi hata hayo mafuta halina.

Kwa hiyo sasa naanza na nyuma ya boksi. Protini kwanza: soya huwa na gramu 3 hivi katika mililita 100, na njegere mara nyingi iko jirani. Oti huwa na 1 au pungufu, lozi nusu gramu hivi. Kisha kalsiamu. Mengi yaliyoongezewa yana miligramu 120 katika mililita 100. Huku Uingereza mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji miligramu 350 kwa siku, kwa hiyo mililita 300 zinatosha. Marekani wanahesabu miligramu 700, fuata ya nchi unayoishi. Tikisa boksi kabla ya kumimina, maana kalsiamu hutulia chini. Angalia pia kama wameongeza madini joto, wengi hawaongezi. Chukua lisilo na sukari. Na hapa ndipo wazazi wanaopenda vitu vya asili hunaswa: maboksi ya kilimo hai hapa Ulaya kwa kawaida hayaongezewi kalsiamu. Ni ya bei ghali, na kwa mtoto huyu ni duni.

La mchele liache mpaka afikishe miaka 5. Mchele hunyonya aseniki kutoka kwenye maji na udongo, na mtoto anayekunywa vikombe kila siku hupata nyingi kwa mwili wake mdogo. Wali kwenye sahani ale bila wasiwasi. Ila soma vizuri, maana baadhi ya maboksi ya nazi nayo yametiwa mchele.

Mwanangu aliishia kwenye soya, baada ya mtaalamu kumrudisha kwanza kwenye maziwa ya kopo mpaka uzito ukapanda. Soya si ya kila mtoto, wapo wenye mzio wa maziwa wanaosumbuliwa nayo pia. Kwa hiyo usiache maziwa uliyoandikiwa kwa sababu tu mtoto kakata keki ya mwaka mmoja. Uliza kwanza. Kama unanyonyesha, endelea.

Kuna mambo matatu ninayoulizwa sana na ndugu zetu. Maziwa ya mbuzi hayafai, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Maziwa yasiyo na laktosi hayafai pia: yameondolewa sukari, na mzio ni wa protini. Walioko Oman na Emirates huniuliza kuhusu ngamia. Protini zake zinatofautiana kiasi na za ng'ombe, lakini usijaribu nyumbani bila daktari, na mabichi usimpe mtoto yeyote.

Chakula nacho kina kazi yake. Uji wa wimbi una kalsiamu kuliko nafaka zetu nyingine. Sukuma wiki inasaidia kuliko mchicha, ambao kalsiamu yake hainyonywi vizuri mwilini. Dagaa waliosagwa na mifupa yao, baada ya kuoshwa chumvi, nimewachanganya kwenye mchuzi wa nazi na mtoto hakugundua. Matone ya vitamini D, mikrogramu 10, anapata kila siku.

Kwangu mimi ugumu mkubwa hauko dukani, uko kwenye shughuli zetu. Pilau imepikwa kwa samli, maandazi yamekandwa kwa maziwa, na kuna shangazi anayempenda mtoto na kuamini kuwa kidogo hakidhuru. Siku moja ukumbini mtu alimlambisha mtindi. Akaanza kukohoa, uso ukavimba, sauti ikakauka. Tulipiga 999 na ambulansi ikafika. Siku hizi nikiingia tu namwambia mwenye shughuli, mbele za watu, kwamba maziwa, samli na mtindi vinaweza kumfikisha mtoto huyu hospitali. Wengine hununa. Chakula chake nabeba mwenyewe.

Watoto wengi huuacha mzio huu wanavyokua. Wa kwangu, kwa sababu mwili wake hujibu papo hapo, atajaribiwa hospitalini, madaktari wakiwa karibu, kwa kipande cha biskuti iliyookwa na maziwa kidogo. Miadi ni mwezi ujao. Mama ameshaniambia nimpigie kabla hatujaingia, asome dua.