Kizuri Hakijiuzi Bila Jina

Wiki hii tuzungumzie swali ambalo watu wa mjini huulizana kila siku, kwenye daladala, saluni na kazini: "Siku hizi unasikiliza nini?" Ni swali dogo, lakini jibu lake ni zito kuliko tunavyodhani. Kwa majibu hayo bendi moja hupata riziki na nyingine huvunjika. Kwaya moja hujulikana nchi nzima na nyingine huishia mlangoni mwa kanisa lake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika muziki, methali hiyo ni nusu ya ukweli. Wimbo mzuri hupendwa, lakini hauna miguu. Lazima uchukuliwe na mtu. Na mtu akiuchukua bila jina la mwenyewe, wimbo unafika na aliyeutunga anabaki nyuma.

Tuanze na redio. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasikilizaji wa Tanzania Bara walitegemea redio moja ya taifa, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilirekodi nyimbo zao katika studio za RTD. Wimbo ulipopigwa, mtangazaji aliitaja bendi. Msikilizaji wa Kigoma ambaye hajapata kukanyaga Morogoro aliijua Morogoro Jazz kwa jina. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya redio: si kupiga tu, bali kutambulisha.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo vya watu binafsi. Vituo vikawa vingi, na hilo ni jambo la heri. Lakini msikilizaji akisikia wimbo anaoujua hahami kituo, kwa hiyo nyimbo zilezile huzungushwa kutwa. Tena siku hizi wimbo huingia kwenye simu, umerushwa na rafiki, bila jina wala maelezo. Tunausikiliza, tunaupenda, tunamrushia mwingine. Nani kaimba? Hatujui.

Hasara yake ni nini? Tazama wimbo "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye Miriam Makeba aliuimba mbele ya dunia, na mwaka 1981 kundi la Boney M nalo likautoa. Lakini ni nani hasa aliyeutunga? Wako wanaosema ni Fadhili, na wako wanaomtaja Adam Salim. Ubishi huo umedumu miaka mingi, na wakati watu wakibishana, wimbo uliendelea kuzunguka dunia na kuwaingizia wengine fedha.

Muziki wa dini nao haukusalimika. Huko Kamina, katika Katanga, mahali ambapo Kiswahili husemwa, padri Mbelgiji Guido Haazen aliunda kwaya ya watu wazima na watoto. Mwaka 1958 kwaya hiyo ilirekodi misa kwa Kilatini, lakini kwa mahadhi na ngoma za Kongo, hasa za Waluba. Misa hiyo, iitwayo "Missa Luba", ikauzwa Ulaya na Marekani, na sehemu yake ikasikika katika sinema moja ya Uingereza ya mwaka 1968. Kwaya ilijulikana kwa jina gani? Kwa jina la Baudouin, Mfalme wa Ubelgiji. Wengi waliousikia muziki huo hawakupata kulisikia jina hata moja la walioimba.

Sasa linganisha na Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi taarabu, na santuri zake zikauzwa kwa jina lake. Baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Leo hata asiyewahi kuzisikia santuri hizo anajua Siti ni nani. Sauti yake ilisafiri pamoja na jina, ndiyo maana haikupotea.

Msikilizaji, kwaya nyingi za mitaani kwetu hazina mfadhili. Wanakwaya huchangishana wenyewe nauli, sare na gharama za studio, kisha huuza kazi yao baada ya ibada ili fedha irudi. Vikundi vya kaswida na bendi ndogo za baa nazo hujikokota vivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, lakini sheria haiwezi kumpelekea mrabaha mtu ambaye hakuna anayejua kuwa wimbo ni wake.

Kwa hiyo, utakapoulizwa unasikiliza nini, usiishie kusema "kuna wimbo fulani mtamu sana". Taja mambo matatu: jina la kikundi, jina la mtunzi kama unalijua, na mahali wanapopatikana. "Ni kwaya ya usharika fulani, huimba Jumapili ibada ya kwanza." "Ni bendi fulani, hupiga Ijumaa ukumbi ule." Maneno hayo hayakugharimu hata senti, na kwa kikundi kisichojulikana yana thamani kuliko tangazo. Na kama wimbo umekugusa kweli, nunua nakala kwa wenyewe badala ya kungoja urushiwe.

Halafu uliza na wewe. Anayependa dansi amuulize jirani anayependa injili. Wa injili amuulize wa taarabu. Si lazima mkubaliane. Mtu anaweza asiwe wa dini yako na bado akakuonyesha sauti ambayo usingeipata peke yako, kwa sababu kituo unachokisikiliza hakiipigi.

Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Lakini mwenye kutunza lazima kwanza ajue anayecheza ni nani. Hadi wiki ijayo, kwaheri.