Kesi ya Kashfa Isigeuzwe Kufuli ya Vinywa

Wahenga walinena kwamba mwenye nguvu mpishe. Huo ni ushauri mwema kwa anayekutana na ndovu njiani, lakini ukiingia mahakamani hugeuka sumu.

Hebu tumfikirie mwalimu mmoja wa Garissa. Kijiji chake kimechimbiwa kisima na kampuni iliyolipwa kwa fedha za umma. Miezi michache baadaye mtambo umekufa, na ngamia wanarudi kuyafuata maji ya Mto Tana. Mwalimu anaandika barua gazetini akiuliza fedha zilikwenda wapi. Kinachomfikia si maji, bali barua ya wakili kutoka Nairobi: aombe radhi na kulipa fidia, ama sivyo wakutane kortini. Je, atathubutu kuandika tena?

Mwalimu huyo ni wa kubuni. Sheria inayomtisha si ya kubuni. Mwaka 1894 kampuni ya makaa ya mawe ya South Hetton, nchini Uingereza, ilipambana mahakamani na wachapishaji wa gazeti lililodai kwamba nyumba za wafanyakazi wake zilikuwa katika hali mbaya kiafya. Kwa sadfa, wachapishaji hao waliitwa North-Eastern News Association. Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kampuni yaweza kudai fidia kwa kuchafuliwa jina hata bila kuthibitisha hasara mahsusi.

Kenya ilirithi msingi huo. Ukishtakiwa kwa kashfa na kujitetea kwamba ulisema kweli, mzigo wa kuuthibitisha ukweli huo ni wako. Isitoshe, mwaka 1992 Sheria ya Kashfa iliongezwa kifungu cha 16A, kilichoweka fidia isiyopungua shilingi 400,000 pale mtu anaposingiziwa kosa la kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Mwalimu atazitoa wapi?

Kwa hiyo, tajiri hahitaji kushinda kesi, yatosha aianzishe. Jijini London, kampuni ya McDonald's iliwashtaki Helen Steel na Dave Morris kwa sababu ya kijikaratasi cha kuilaumu. Kesi ilisikilizwa kwa siku 313, na wawili hao wakajitetea bila msaada wa kisheria wa serikali. Uamuzi wa mwaka 1997 uliyakubali baadhi ya madai yao, lakini bado wakaamriwa kulipa fidia. Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema hawakutendewa haki. Ni wangapi kati yetu wenye subira kama hiyo?

Afrika Kusini imetuonyesha njia. Kampuni za uchimbaji madini ziliwashtaki mawakili na wanaharakati wa mazingira, zikidai mamilioni ya randi. Mnamo Novemba 2022, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba mshtakiwa anaweza kujitetea kwa kuonyesha kuwa kesi ni hila ya kumnyamazisha. Bunge letu halina budi kuwapa majaji wetu uwezo wa kuzitupilia mbali kesi za aina hiyo mapema, kabla gharama hazijamfilisi mnyonge.

Wakazi wa Kaskazini Mashariki wanaijua fika gharama ya kimya. Waliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Baada ya mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema waliouawa walikaribia 1,000. Ukweli ulichelewa kwa sababu waliouona waliogopa kuusema. Hofu iliyoletwa na bunduki isirudishwe na hati za madai.

Hatusemi kwamba kila mtu aropoke atakalo. Jina jema ni mali, na Kifungu cha 33 cha Katiba kinachotupa uhuru wa kujieleza ndicho hicho hicho kinachotutaka tuheshimu sifa za wenzetu. Basi walimu tuwafunze wanafunzi wetu kutenganisha jambo walilolishuhudia na maoni yao, kuandika tarehe, kutunza stakabadhi, na kudai habari kutoka serikalini kwa mujibu wa Kifungu cha 35. Lakini mwenye kuuliza kwa nini kisima kimekauka ajibiwe kwa hesabu, asijibiwe kwa samansi.