Bahasha Iliyofungwa na Mkataba Uliotiwa Saini



Ndugu wasomaji, kila ateremkaye kwenye tramu hapa hospitali ya Westmead ametumia kitu kilichonunuliwa kwa fedha za watu wote. Reli hiyo iendayo Carlingford kwa njia ya Parramatta ilianza kuchukua abiria tarehe 20 Disemba 2024, lakini waliopewa kazi walikwisha kuchaguliwa miaka sita kabla. Mnamo Disemba 2018 Serikali ya New South Wales ilitangaza mikataba miwili: mmoja wa dola milioni 840 wa kujenga njia, na wa pili wa dola milioni 536 wa kuleta magari na kuyaendesha. Baina ya kutafuta wakandarasi na kutia saini pana elimu kubwa ambayo wengi wetu hatujapata kuisoma, nayo inatugusa kwa pande mbili. Sisi ni walipa kodi. Na baadhi ya jamaa zetu wana kampuni ndogo za usafi, za kupaka rangi, za kupika vyakula vya hafla, na wangependa nao kuifanyia serikali kazi.

Manunuzi ya umma ni jambo la kale kwa sura mpya. Mwenye kununua kwa mfuko wake hununua apendapo. Mwenye kununua kwa mfuko wa watu, au kwa baitul-mali kama tulivyozoea kusema, sharti aonyeshe kwa nini amenunua kwa fulani na si kwa mwingine. Kwa hiyo hueleza kwanza anachokitaka, hutangaza, huweka saa ya kufunga, hupokea zabuni bila ya mzabuni mmoja kuijua bei ya mwenzake, huzipima kwa vipimo vilivyotajwa mapema, kisha huchagua. Hapo zamani zilikuwa bahasha na sanduku lenye kufuli. Siku hizi ni mtandao wa kompyuta, lakini saa ya kufunga haina huruma zaidi kuliko kufuli lile. Zabuni iliyochelewa kwa kawaida haitazamwi hata ikiwa ndiyo bora kuliko zote.

Mtaa wetu wa Westmead umegawanyika baina ya mabaraza mawili, City of Parramatta na Cumberland, na yote mawili yanafungwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1993. Kifungu cha 55 cha sheria hiyo huliagiza baraza liite zabuni kwa mikataba mingi inayofikia dola 250,000. Chini ya hapo baraza laweza kutaka bei kwa maandishi kutoka kwa watu wachache, nalo hufuata kanuni zake lenyewe. Hapo ndipo penye nafasi ya mtu mdogo. Wengi hudhani kwamba mwenye bei ya chini ndiye mshindi, si hivyo. Baraza hutakiwa kutazama zabuni yenye manufaa zaidi, na lina ruhusa ya kuzikataa zote. Hutazama pia kama mzabuni ana namba ya biashara, bima ya madhara kwa watu wengine, bima ya wafanyakazi, na kazi alizokwisha kuzifanya. (Suala la bima kwa upande wa dini tunawaachia maulamaa wetu, tunalolijua ni kwamba asiyekuwa nayo hapiti mlangoni.) Aliyekosa kazi asinung'unike barazani kwake. Aombe aelezwe zabuni yake ilipungukiwa na nini, maana jibu hilo ni darasa la bure.

Sasa tuje kwenye hila. Fiqhi yetu inajua mnada. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuviuza vyombo vya Ansari mmoja kwa aliyetoa zaidi. Lakini inajua pia najash, yaani mtu kupandisha bei naye hana nia ya kununua, ili kumhadaa mwingine, na hilo limekatazwa. Katika zabuni hila hiyo hugeuzwa juu chini: wakandarasi hukubaliana kwa siri nani ashinde, na waliobaki hutia bei za juu kwa makusudi ili tu ionekane kuna mashindano. Jambo hili lilifichuliwa hapahapa New South Wales na Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Roger Gyles kuhusu sekta ya ujenzi, iliyomaliza kazi yake mwaka 1992. Ilionekana kwamba wazabuni walikuwa wakipatana kuwalipa walioshindwa ada ya kushindwa kwao, na ada hiyo ikaingizwa katika bei. Nani alilipa? Mwenye jengo, na jengo likiwa la serikali, mwananchi. Tangu mwaka 2009 mapatano ya namna hiyo ni kosa la jinai katika Australia nzima, na mtu aweza kufungwa kwa ajili yake. Basi jamaa akikupigia simu akakuambia, "Safari hii niachie mimi, ijayo nitakuachia wewe," usilichukue kuwa ni udugu.

Na zawadi je? Kisa cha Ibnul-Lutbiyya kimo katika Sahih al-Bukhari. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akagawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari akauliza kama mtu huyo angeletewa zawadi lau angekaa nyumbani kwa baba yake. Hatujaona kipimo kilicho bora kuliko hicho kwa ofisa wa manunuzi, hata katika maandiko ya Tume Huru ya Kupambana na Rushwa ya jimbo hili, ICAC, ambayo imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1989.

Lakini mtu anaweza kukosea mahali pengine kabisa, baada ya zabuni kwisha. Wasomaji wetu watokao Tanzania watakumbuka Richmond. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji ya mabwawa, umeme ukawa wa mgawo, na nchi ikatafuta mitambo ya dharura. Mwezi wa Juni mwaka huo TANESCO ikatiliana saini na kampuni ya Richmond mkataba wa megawati 100. Mitambo ilichelewa, na mwisho wa mwaka mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Masharti yalikuwa kwamba mitambo ilipiwe kwa kuwapo kwake, umeme utumike usitumike; kiasi kilichotajwa mara nyingi siku zile ni Sh. milioni 152 kwa siku. Kamati teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ilitoa ripoti Februari 2008 ikisema kwamba kampuni haikuwa na uwezo na kwamba taratibu za manunuzi zilikiukwa. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Hata hivyo kujiuzulu hakukuufuta mkataba. TANESCO iliuvunja, Dowans ikashitaki katika mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, na mwaka 2010 shirika likaamriwa lilipe karibu dola milioni 65 za Marekani. Sheria ya manunuzi ya mwaka 2004 ilikuwapo wakati wote huo. Tangu mwaka 2023 Tanzania ina sheria mpya na mfumo wa zabuni wa kompyuta uitwao NeST, lakini kompyuta haiulizi kama mtambo umefika bandarini.

Msidhani ni maradhi ya kwetu peke yake. Tramu ya katikati ya Sydney ilikadiriwa kwa dola bilioni 1.6. Mkandarasi wa Kihispania, Acciona, alidai kwamba hakuelezwa sawasawa habari za nyaya na mabomba yaliyomo chini ya barabara ya George, akaenda mahakamani. Mwaka 2019 serikali ilimaliza shauri kwa kulipa dola milioni 576. Kilichokuwa hakikuandikwa vizuri mwanzoni kilikuja kulipiwa mwishoni.

Na sisi wadogo? Mara nyingi jamaa zetu hawana mkataba na serikali yenyewe. Wanafanya kazi chini ya mkandarasi mkuu, wengine kwa neno la mdomo tu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na bado Waislamu tunaona haya kumwambia mtu, "Tuandikiane." Kazi ikiongezwa katikati, iandikwe siku hiyohiyo, pamoja na bei yake na jina la aliyeiagiza. Mkandarasi mkuu akisema, "Tutaelewana baadaye," ujue kwamba baadaye ataelewa yeye.

Kwa waliomo katika ujenzi, kama wapaka rangi na waweka vigae, ipo sheria ya jimbo ya mwaka 1999 ya kulinda malipo. Mfanyakazi wa chini hupeleka dai lake kwa maandishi, akieleza kazi na kiasi, na ni sharti dai litamke kwamba linatolewa kwa mujibu wa sheria hiyo. Anayedaiwa ana siku kumi za kazi kujibu kwa maandishi kiasi gani atalipa na kwa nini anakata. Asipojibu, huwa anadaiwa kiasi chote siku ya malipo inapofika. Mabishano hupelekwa kwa mwamuzi, bila ya kungoja mahakama.

Wanaotaka kujua nani amepewa nini hawana haja ya kusubiri uvumi. Sheria ya mwaka 2009 ya kupata habari za serikali inazitaka idara na mabaraza ya jimbo hili kuweka wazi daftari la mikataba yake na kampuni binafsi inayofikia dola 150,000. Daftari la Parramatta na la Cumberland yamo katika tovuti za mabaraza hayo, na kuyasoma hakuna ada.