Mwindaji Hodari Hajisifu

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huwafundisha vijana wao kwa upinde na kwa kimya

Jua linapokaribia kuchwa katika nchi kavu iliyo kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huenda kijana akaonekana akirudi kambini peke yake, upinde mkononi. Haimbi, wala hapigi mbio, wala haiti mtu. Afika penye moto wa wanaume, aketi chini polepole, na mishale yake aiweka kando. Wazee waendelea na mazungumzo yao kana kwamba hapana jambo. Baada ya kitambo mmoja wao autazama mshale, aona damu iliyokauka katika uti wake. Ndipo wote wajua ya kuwa mnyama mkubwa amepigwa. Kijana mwenyewe hakusema neno.

Desturi hiyo ya Wahadzabe ilielezwa mwaka 1982 na mtaalamu James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliandika kwamba mwindaji aliyepiga mnyama mkubwa hutazamiwa kujizuia, akae kimya na wenzake, aiachie damu ya mshale kazi ya kutoa habari. Waswahili husema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Huko Eyasi methali hiyo si maneno ya kupambia mazungumzo tu, bali ni sheria ambayo kila kijana hana budi kuishika kabla ya kuhesabiwa kuwa mtu mzima.

UPINDE WA KWANZA

Wahadzabe, ambao majirani wengine huwaita Watindiga, ni watu wachache, wapata 1,000 na zaidi kidogo. Lugha yao ina sauti za vidoko, na wataalamu hawajathibitisha undugu wake na lugha nyingine yo yote. Kati yao ni mamia machache tu ambao bado wapata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kutafuta asali. Kambi moja huwa na watu kama 20 au 30. Hawana chifu wala jumbe, na mtu hana haki ya kumwamuru mwenzake. Basi mtu aweza kuuliza: Pasipo mkubwa wa kuamuru wala shule ya kufundisha, kijana afunzwa adabu na nani?

Jibu ni kwamba afunzwa na uwindaji wenyewe na wale awindao nao. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa na umri wa miaka 3 hivi. Huanza kwa kupiga ndege, panya na pimbi karibu na kambi. Akiisha kukua hutazama jinsi wakubwa wanavyonyosha ufito wa mshale kwa moto na kwa meno, wanavyofunga manyoya, na wanavyopika sumu mpaka ikawa nzito na nyeusi. Sumu yatoka katika utomvu wa mti mnene wa nchi kavu wenye maua mekundu, na nyingine katika mbegu za mmea mwingine. Hapana mtu amhubiriye. Hutazama, hujaribu, hukosea, huchekwa, na hujaribu tena.

Kazi ya sumu yenyewe ni mwalimu wa subira. Mnyama aliyepigwa hafi papo hapo. Kijana mwenye pupa akimfukuza, humkimbiza mbali na kumpoteza kabisa. Yampasa kungoja saa nyingi, kisha arudi kambini akawaite wenzake, wafuate nyayo pamoja. Hapo ndipo ajuapo kwamba jicho lake halitoshi. Yeye ndiye aliyepiga, lakini pengine mzee ndiye atakayeliona jani lililopinduka au tone la damu juu ya jiwe. Tena, mwisho wa kiangazi, maji yakiwa haba, wanaume huvizia wanyama usiku penye maji. Kwa kawaida hukaa wawili wawili, kwa kuwa simba na chui nao waja kunywa. Mtu aliyekesha gizani huku uhai wake ukimtegemea mwenzake, hasahau upesi kwamba peke yake ni dhaifu.

Hata katika kutafuta asali kijana hujifunza kuongozwa. Humwita mlembe kwa mluzi, na ndege huyo mdogo huruka mbele, mti hata mti, mpaka penye nyuki. Mwanamume mwenye upinde wenye nguvu amfuata ndege anayeenea katika kiganja cha mkono.

NYAMA SI YA MWINDAJI

Mnyama akiisha kupatikana, majaribu ya majivuno huwa makubwa zaidi. Twiga mmoja au nyati mmoja aweza kushibisha kambi nzima. Katika nchi nyingi mtu mwenye kuleta chakula kingi hivyo angetaka apewe heshima, au angewafanya wengine kuwa watu wake. Wahadzabe wameuziba mlango huo. Nyama hugawiwa kambi yote, na walio karibu huja kudai fungu lao bila haya, wala mwindaji hasemi nani apewe na nani anyimwe. Hakuna anayemshukuru kwa maneno mengi, maana huchukuliwa kwamba ametenda yaliyompasa.

Tena mshale uliomwua mnyama pengine haukutengenezwa na mpigaji. Wanaume wa Kihadzabe hupenda mchezo uitwao lukuchuko, ambao vibao vya maganda ya mti hurushwa kwenye shina la mti, na mishale huwa ndiyo dau. Hivyo mishale huzunguka kutoka mkono huu hata mkono ule. Mtu aweza kupiga mnyama kwa mshale alioushinda jana kwa jirani yake. Atajisifuje kwa kazi ambayo nusu yake ni ya mwingine?

Si Wahadzabe peke yao waliotambua hatari hiyo. Mbali kusini, katika jangwa la Kalahari, wako watu wengine wa upinde, Waju/'hoansi. Mwaka 1969 mtaalamu Richard Lee alieleza jinsi alivyowanunulia ng'ombe mkubwa wa Krismasi, nao wakamcheka siku nyingi ati ng'ombe ni mifupa mitupu. Alihuzunika sana, mpaka alipofahamishwa kwamba ndivyo wamfanyiavyo kila kijana aletaye nyama nyingi. Huidharau nyama ili moyo wake upoe, wasije wakampata mtu mwenye kiburi ambaye siku moja kiburi chake kitamfanya aue mtu.

NYAMA YA EPEME

Lakini Wahadzabe hawategemei kicheko wala kimya peke yake. Jambo hili wamelifungamanisha na imani yao. Katika kila mnyama mkubwa ziko sehemu, kama moyo na figo, ambazo si chakula cha kawaida. Huitwa nyama ya epeme. Huliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa katika daraja hiyo tu, mahali pa faragha, mbali na macho ya wanawake na vijana. Huaminiwa kwamba mtu akiivunja sheria hii, ugonjwa au ajali itamfika yeye au jamaa yake.

Kijana huingia daraja ya epeme akiwa amekwisha kuua mnyama mkubwa. Na ajabu ni hii: Mlango wa heshima hiyo ndio mlango wa kifungo kingine. Mtu wa epeme haruhusiwi kuila nyama hiyo peke yake. Hata akiwa na njaa, hata kama mnyama ni wa mshale wake, yampasa awangoje wenzake wale pamoja. Anayedhani kwamba sasa amekuwa mkubwa wa kujitegemea, agundua kwamba amekabidhiwa kwa ndugu zake kuliko alivyokuwa zamani.

Usiku usio na mwezi, mioto ikiisha kuzimwa, hufanywa ngoma ya epeme. Wanawake huimba gizani. Wanaume hutoka mmoja mmoja, manyoya ya mbuni kichwani, njuga mguuni na kayamba ya kibuyu mkononi. Kwa giza lile uso hauonekani. Mpiga shabaha wa sifa na yule ambaye hajaua kitu mwaka mzima, wote ni kivuli kimoja kichezacho kwa ajili ya jamaa zao.

Haifai kusema kwamba mambo hayo hayana kasoro. Wako waonao kwamba wazee wamejitengea vipande vinono kwa kisingizio cha dini, na kwamba wanawake na vijana wameachwa nje. Neno hilo lina uzito wake. Hata hivyo, watu ambao hawana polisi wala gereza wamewazuia wenye nguvu wasiwatawale wanyonge, na hiyo si kazi ndogo.

CHUO KINACHOKOSA UWANJA

Chuo hicho hakiwezi kusimama bila pori. Mwaka 1964 na 1965 serikali ilijaribu kuwakalisha Wahadzabe katika kijiji cha Yaeda Chini. Wengi waliugua, na wengine wakarudi porini. Tangu hapo wakulima na wafugaji wameendelea kuingia katika nchi yao. Mwaka 2007 kampuni moja ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilitaka kupewa bonde la Yaeda, kisha ikajiondoa baada ya malalamiko mengi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipewa hati ya haki miliki ya kimila kwa zaidi ya hekta 20,000. Hati hiyo ni kinga, lakini wanyama hawasomi mipaka, na palipo na wanyama wachache, baba hana pa kumwonyesha mwanawe nyayo.

Kenya yajua habari hiyo. Waata wa Tsavo, waitwao pia Waliangulu, walikuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa pinde kubwa na mishale ya sumu. Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, kazi ya baba zao ikawa hatia humo, na katika miaka ya 1956 na 1957 wengi walikamatwa na kufungwa. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Ndovu wahitaji kulindwa, na sheria ni ya kutiiwa. Lakini ilipofungwa njia ya porini, ilifungwa pamoja nayo njia ambayo mzee na kijana walitembea pamoja tangu alfajiri hata jioni.

Basi swali liwapasalo wazee wa leo si jinsi ya kurudisha upinde, bali ni wapi kijana atakapotembea na mzee. Aweza kutembea naye shambani, karakanani, machungani au katika mashua ya kuvulia samaki. Po pote pale masomo ni yale yale: Kungoja kabla ya kufuata, kukubali jicho la mwenzako, kugawa kilichopatikana wala usiulize shukrani, na kuyaogopa mambo yaliyo matakatifu hata pasipo mtu wa kukuona. Vijana wengi husomeshwa wapate kushinda. Walio wachache hufundishwa jinsi ya kuketi wakiisha kushinda.

Yule kijana wa Eyasi aketi hivyo penye moto. Kesho wenzake wataamka mapema, watafuata nyayo pamoja naye, na kambi itakula. Usiku huu mshale umelazwa kando yake, nao umekwisha kusema yote.